Mpaka wa Nchi na Maji

Mtu hupenda kujua ukomo wa mali yake. Mwenye shamba hupanda mnazi pembeni, mwenye ua husimamisha boriti, na mwenye nyumba hujenga ukuta. Lakini mkazi wa kisiwa hana jirani wa kushuhudia mpaka wake ila bahari, na bahari ni jirani asiyekaa kitako. Asubuhi huondoka akaacha mchanga mtupu hata macho yachoke kuutazama. Alasiri hurudi akabisha mlango. Kumwekea jirani wa namna hii mpaka katika karatasi ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa na mtazamaji wa ramani aliyeketi bara.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa jasho na kwa roho za watu. Baina ya mwaka 1822 na 1826 nahodha wa Kiingereza, W. F. W. Owen, alipima pwani ya Afrika Mashariki kwa merikebu zake, Leven na Barracouta. Mabaharia wake walitupa bildi majini, wakahesabu pima, wakaandika. Walipanda mashua kutafuta midomo ya mito na milango ya visiwa. Na wengi wao walikufa kwa homa kabla ya kazi kwisha. Kila tarakimu ya kina cha maji katika ramani zao ilikuwa ni alama ya mkono uliovuta kamba. Makosa hayakukosekana, kwa kuwa binadamu hakosi kukosa. Lakini kila palipoandikwa neno palikuwa na mtu aliyefika mahali penyewe, akalowa.

Leo mpimaji hana haja ya kulowa. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya ukoo ambao baadaye uliitwa Landsat, na kazi yake ilikuwa kuitazama dunia na kuipiga picha. Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa vyombo vya anga. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kukumbuka uhuru wa Kenya, setilaiti nyingine ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ile ilitazama juu, ikachungua nyota. Hizi za ukoo wa Landsat zilitazama chini, zikachungua nchi. Leo setilaiti ya ukoo huo huzunguka juu ya ardhi kwa kimo cha kilometa 705, na kila baada ya siku 16 hupita tena pale pale ilipopita. Picha yake imefumwa kwa miraba kama mkeka, na kila mraba ni mita 30 kwa mita 30 za ardhi. Nchi za Ulaya zilirusha Sentinel-2 ya kwanza mwaka 2015, na miraba yake iliyo midogo kabisa ni ya mita 10. Tangu mwaka 2008 hazina ya picha za Landsat imefunguliwa kwa watu wote bila malipo. Mwanafunzi aliye Unguja anaweza kuitazama picha ile ile anayoitazama bingwa aliye Washington. Hii ni neema, na neema haidharauliwi.

Njia ya kutenga nchi na maji katika picha hizo ni nyepesi kuelezwa. Jua hutoa mwanga wa namna nyingi, na upo mwanga ulio ng'ambo ya wekundu, ambao jicho la mtu haliuoni lakini chombo huuona. Maji huumeza mwanga huo mara ukiyagusa. Mchanga huurudisha, na majani mabichi huurudisha zaidi. Basi katika picha ya mwanga huo bahari huwa nyeusi kama wino, na kisiwa hung'aa juu yake. Mwanga wa buluu una tabia nyingine: hupenya maji safi kwa mita nyingi, ukagonga chini na kurudi, na kwa sababu hiyo miamba ya matumbawe, mafungu ya mchanga na mashamba ya nyasi za baharini huonekana kama vitu vilivyo nyuma ya kioo.

Lakini katika visiwa vya nchi za joto kuna pazia. Wakati wa mchana nchi hupata moto upesi kuliko bahari, mvuke hupanda, na wingu hutanda juu ya kisiwa hata siku ambayo bahari yote ni nyeupe kwa jua. Wakati wa masika picha nyingi huwa ni picha za mawingu tu. Mafundi hutatua jambo hilo kwa subira. Hukusanya picha za miezi, pengine za miaka, wakachagua kwa kila mraba siku uliyokuwa wazi, kisha wakaviunga viraka hivyo kuwa nguo moja. Nguo hiyo hupendeza. Hata hivyo yafaa msomaji akumbuke kwamba kisiwa kisicho na wingu hata moja katika ramani mara nyingi ni kisiwa ambacho hakikuonekana hivyo siku yoyote.

Faida ya picha hizi si ndogo. Kwa miaka mingi dunia imeambiwa kwamba visiwa vidogo vya matumbawe vinamezwa, na Tuvalu, katika Bahari ya Pasifiki, imekuwa mfano wa maneno hayo. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima visiwa 101 vya nchi hiyo kwa picha za ndege na za setilaiti, tangu mwaka 1971 hata 2014. Maji ya bahari yalikuwa yamepanda katika muda huo. Lakini eneo la nchi kavu, likijumlishwa, lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 2.9, kwa sababu mawimbi yaliyokula upande mmoja yalirundika mchanga na vifusi vya matumbawe upande mwingine. Miaka miwili nyuma, wengine walikuwa wamepima visiwa 33 vya Solomon kwa picha za tangu 1947 hata 2014, wakakuta vitano vilivyokuwa na miti vimetoweka kabisa. Bahari ni moja, hukumu ni mbili. Asemaye kwamba visiwa vyote vinazama amesema haraka, na asemaye kwamba hakuna hatari amesema haraka zaidi. Kwani eneo la kisiwa laweza kukua na kisima chake kikaingia chumvi.

Tena ramani ina uzito wa kuaminiwa kupita kiasi. Katika Pasifiki, baina ya Australia na Kaledonia Mpya, kulikuwa na kisiwa kilichoitwa Sandy Island, kilichoripotiwa na merikebu ya wavuvi wa nyangumi mwaka 1876. Kilinakiliwa kutoka ramani hata ramani, kikaingia hata katika ramani za kompyuta. Mwezi wa Novemba 2012 meli ya utafiti ya Australia, Southern Surveyor, ilikwenda mahali pale, ikakuta maji ya kina cha zaidi ya mita 1,300. Kisiwa hakikuwako. Kosa la mtu mmoja lilikuwa limerithiwa kwa zaidi ya karne, na kila mrithi alilipokea akidhani mwenziwe amehakikisha.

Kosa la namna hiyo ni la kuandika kisichokuwapo. Liko kosa jingine lenye madhara makubwa zaidi kwa wanyonge, nalo ni la kutoandika kilichopo. Na mfano wake umo katika kisa cha kijana mmoja, mzaliwa wa kisiwa kidogo kusini mwa Pemba.

Kijana huyo alisoma elimu ya ramani chuoni, akarudi kwao likizo na kompyuta yake mgongoni. Alikuta wakulima wa mpunga wana huzuni. Maji ya chumvi yalikuwa yakiingia makondeni, na bonde lililolisha wazazi wao lilikuwa linaota magugu ya pwani. Walikuwa wameomba wajengewe tuta, na ofisi waliyoiomba iliwajibu kwamba haikuona ushahidi wa bahari kusogea. Kijana aliahidi kuupata ushahidi huo. Alikusanya picha za miaka thelathini, akachora mstari wa ufuo kwa kila mwaka, kisha akaiweka mistari yote pamoja. Ililaliana kama nyuzi za kamba moja. Bahari, kwa hesabu yake, haikusogea.

Alikuwa mwaminifu, na uaminifu wake ukamtia majonzi. Usiku alimwendea babu yake, mvuvi aliyestaafu, akamwonyesha.

"Babu, nimetafuta nisipate. Ufuo ni ule ule."

Mzee aliinamia kioo cha kompyuta. Kwanza alitambua hori, kisha mahali alipokuwa akiweka uzio wake, kisha fungu la mchanga mbele ya kisiwa. Akanyamaza kitambo.

"Siku hii yalikuwa maji ya bamvua," alisema.

"Umejuaje, Babu?"

"Fungu hili halitoki lote ila bamvua likipwa. Na hii nyingine, fungu limezama. Haya ni maji mafu. Huyu mpigapicha wako hupita saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi na dakika zake. Hupita wakati ule ule kila mara, ili jua liangaze sawasawa."

Mzee alicheka, si kwa dharau.

"Mjukuu wangu, bamvua letu hupwa saa nne na hujaa saa kumi. Jambo hili wanawake wanaokwenda kuokota chaza wanalijua, na watoto wanaofuatana nao wanalijua. Mtu wako akija siku za bamvua huikuta bahari imekwenda zake. Akija siku za maji mafu huikuta imejaa, lakini kujaa kwa mwenye nusu shibe. Hajaiona ikishiba hata siku moja. Na inayokula mpunga wetu ni ile iliyoshiba."

Kijana hakulala upesi usiku ule. Alichoambiwa hakikuwa ngano, kilikuwa hesabu. Setilaiti za namna ile hufuata jua, na maji hufuata mwezi. Lakini bamvua huja mwezi uandamapo na uwapo mpevu, yaani siku ambazo mwezi na jua huvuta pamoja, na kwa hiyo saa za kujaa kwake hazibadiliki sana mwaka mzima. Katika bahari ya Unguja na Pemba maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na saa ya kushuka kwake ndiyo saa ya kupita setilaiti. Hata angekusanya picha elfu, zote zingekuwa za mashahidi waliofika jirani akiwa hayupo. Kasoro haikuwa uchache wa picha, ilikuwa saa. Akakumbuka na la pili: mikoko iliyopakana na bonde ilikuwa imehesabiwa kuwa nchi kavu, kwa kuwa chombo kiliona majani yake, wala hakikuona miguu yake iliyosimama majini.

Alingoja siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Saa kumi alasiri alisimama na wakulima kwenye ncha ya bonde. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalipita chini ya mikoko, yakafuata mfereji, yakaenea makondeni taratibu kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Palipofika maji, palichomekwa mambo. Kijana alichukua nukta ya kila mambo kwa chombo chake cha mkononi, na kinamama wenye makonde walimtajia jina la kila konde, jina la aliyelilima kwanza, na mwaka wa mwisho liliopata kutoa mpunga. Majina hayo hayakuwamo katika picha yoyote, kwa kuwa hakuna mwanga, wa buluu wala wa ng'ambo ya wekundu, unaorudisha jina.

Hakuitupa kazi yake ya kwanza. Picha zilikuwa zimesema kweli juu ya walichokiona: ufuo wa saa nne haukusogea, na jambo hilo lenyewe lilikuwa na faida, kwani lilionyesha kwamba mawimbi hayakuukata ufuo, chumvi ilikuwa ikiingia kwa mlango wa nyuma, yaani mfereji ule. Kumbe tuta lililoombwa halikuhitajika mbele ya kisiwa, pahali pa gharama kubwa, bali penye mdomo wa mfereji. Picha peke yake ingaliwanyima wakulima haki yao. Na malalamiko peke yake yangaliwajengea tuta mahali pasipofaa.

Ramani aliyoichora ina mistari miwili. Wa kwanza ni mwembamba, nao ni ufuo kama ulivyoonekana kutoka juu. Wa pili ni mnene, na baina ya miwili hiyo yameandikwa majina ya makonde, moja moja. Ilipelekwa ofisini, na kijana alirudi chuoni jibu likiwa halijatoka. Yamkini litakawia, kwa maana ofisi nazo zina kupwa na kujaa kwake. Lakini haitasemwa tena kwamba hapana ushahidi. Akiuliza mtu mstari ule wa pili umetoka wapi, jibu lake limo pembeni mwa ramani, kwa maandishi madogo: saa kumi alasiri, bamvua la mwezi mpevu, maji yalifika hapa.