Behewa la Mizigo

Msomaji, watu wengi waendapo kutazama reli ya zamani huvutwa na injini. Injini ina moto, ina sauti, ina shaba ing'aayo. Behewa la mizigo halina wa kulisifu. Lakini reli nyingi za kale zilijengwa kwa ajili ya mzigo, na abiria walikuja baadaye. Kwa hiyo niruhusu nikueleze habari za behewa.

Katika milima ya kaskazini ya Wales iko reli iitwayo Ffestiniog, iliyofunguliwa mwaka 1836. Upana wake ni kiasi cha sentimita 60 tu, ambapo reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa na upana wa meta moja. Kazi yake ilikuwa kuchukua mawe ya matabaka, yapasuliwayo kuwa vigae vyembamba vya kuezekea nyumba, kutoka machimbo ya Blaenau Ffestiniog hadi bandari ya Porthmadog. Mabehewa yaliyojaa yaliteremka yenyewe kwa uzito wao, na washika breki walikaa juu ya mawe katika mvua na baridi. Farasi waliyarudisha matupu mlimani. Na wao, wakati wa kushuka, walipakiwa katika behewa lao wenyewe kama mabwana! Injini za moshi zilikuja mwaka 1863, lakini mawe yaliendelea kushuka bila injini hata mwaka 1939.

Reli ilifungwa mwaka 1946, mabehewa yakaachwa yakioza. Tangu mwaka 1954 watu wa kujitolea wameifufua kidogo kidogo, na mwaka 1982 treni zikafika tena Blaenau.

Nimewatazama watu hao kazini. Yumo karani, yumo mwalimu mstaafu, yumo kijana aliye likizoni. Hapana alipwaye mshahara. Hukwangua kutu, hung'oa ribiti zilizolika, hupima mbao. Na hapo ndipo ubishi huzuka. Mmoja husema ubao uliooza utolewe, behewa lipate kwenda. Mwenziwe hujibu kwamba ukitoa ubao huu leo, na ule kesho, utabaki na behewa ambalo mchimba mawe hakuligusa kamwe.

Neno la huyu wa pili ni zito. Hata hivyo mimi ni upande wa yule wa kwanza. Behewa lilitengenezwa mara nyingi hata katika siku za kazi yake. Seremala wa zamani hakuuonea haya ubao mpya, na huyu wa leo anaishika kazi ileile pale alipoiacha mwenziwe. Ila chuma kizima kisitupwe kwa uvivu.

Siku maalumu huyaunganisha mabehewa waliyoyatengeneza, wakayaachilia kutoka mlimani kama zamani. Hapana moshi. Baragumu hupigwa mbele, magurudumu huvuma, na kila mshika breki hukaza mkono wake kabla ya kona.