MCHEZO WA PULI NA MAFUNZO YAKE

Huku kwetu nyanda za juu za Kigoma, tangu Kasulu hata Kibondo, ni vigumu kupita karibu na soko au kituo cha mabasi usione meza ya puli. Ni meza nzito yenye kitambaa juu yake na mashimo sita, nayo imezungukwa na vijana wenye fimbo ndefu. Watu wazima wengi waionapo hugeuza uso na kusema, "Hapo ndipo vijana wapoteapo." Baba yangu ni mmoja wao. Nia yangu katika karatasi hii ni kueleza mchezo huo ni nini, umetoka wapi, huchezwaje, na kwa nini niliona yafaa niujue.

Sababu ilikuwa hii. Mjomba wangu akaa Kasulu. Ana duka dogo, na barazani mwa duka ameweka meza moja ya puli. Tangu nilipoingia kidato cha kwanza ndiye aninunuliaye godoro, ndoo, madaftari na viatu. Ada hatulipi, maana tangu mwaka 2016 Serikali imefuta ada katika shule zake mpaka kidato cha nne. Lakini kila mzazi ajua kuwa mwanafunzi wa bweni ana mahitaji mengi. Baba alipopata habari kuwa sehemu ya fedha hizo yatoka katika meza, alisema hatazipokea tena. Mwaka ule kijana mmoja wa kijijini kwetu, wilayani Kibondo, alikuwa amepewa na babaye fedha ya kununulia mbolea. Akaipeleka kwenye meza moja ya mbali, akaiweka kamari, akarudi mikono mitupu. Mahindi yao yalisimama manjano, kimo cha goti, nasi tulikuwa tukiyapita kila siku twendapo mtoni. Baba hakuyasahau.

Mama ndiye aliyepata shauri. Alimwambia, "Baba watoto, mtume kijana aende likizo hii akaone kwa macho yake, kisha atuambie kweli." Basi nikapanda basi kwenda Kasulu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja kunisalimu au kunipeleleza?"

Nikamwambia, "Yote mawili, mjomba." Akacheka sana, akasema kuwa mpelelezi asiyejua mchezo hataona kitu, kwa hiyo nitajifunza kwanza.

Siku ya kwanza sikupewa fimbo. Nilipewa brashi nisafishe kitambaa, kisha mpira mmoja niuviringishe taratibu huku na huku. Mpira ukapinda kwenda kushoto. Mjomba akachonga kipande cha ubao, akakipachika chini ya mguu mmoja, nami nikaviringisha tena hata ukaenda sawa. Alisema meza iliyoinama humdanganya mchezaji, naye hujiona hafai kumbe kosa ni la meza.

Siku ya pili nilifundishwa kusimama. Mguu mmoja hutangulia, kiwiliwili huinama mpaka kidevu kikaribie fimbo, na jicho hutazama mbele. Mkono wa mbele hutandazwa juu ya meza, vidole vikakaza kitambaa, na kidole gumba huinuliwa kidogo ili fimbo ipite katika bonde lake. Mkono wa nyuma hushika fimbo kwa wepesi kama mtu ashikaye yai. Wanaoanza hukamua fimbo kwa nguvu zote na kupiga kama wapasua kuni. Mpira huruka, na kitambaa huweza kupasuka. Tena yafaa kupaka chaki kwenye ncha ya ngozi iliyo mwisho wa fimbo, ili isiteleze impigapo mpira mweupe.

Mchezo wenyewe ni huu. Ipo mipira 15 yenye namba, na mmoja mweupe. Ule wa namba 8 ni mweusi. Mchezaji mmoja huchukua mipira ya rangi tupu, namba 1 hata 7. Mwenziwe huchukua ile yenye mistari, namba 9 hata 15. Kila mtu hupiga mweupe tu, nao ndio uisukumao mingine mashimoni. Amalizaye saba yake hupata ruhusa ya kuupiga mweusi, na akiutia shimoni ameshinda. Lakini mtu akiutia mweusi kabla ya wakati wake, ameshindwa papo hapo, hata kama alikuwa akiongoza. Mweupe ukiingia shimoni ni kosa, na mwenzako hupewa nafasi. Katika meza ya mjomba mweupe ni mdogo kidogo kuliko mingine. Kwa ajili hiyo ukitumbukia, mfereji ulio ndani ya meza huutenga na kuurudisha, lakini ile mingine hufungiwa mpaka itiwe sarafu nyingine.

Kilichonishangaza ni kuona masomo yetu ya darasani yapo mezani. Mpira ugongao ukingo hurudi kwa pembe ile ile uliyoingia nayo, kama mwanga urudivyo katika kioo. Mweupe ukipigwa katikati na kuugonga mwingine uso kwa uso, kutoka karibu, wenyewe husimama na ule wa pili huchukua mwendo wake. Hiyo ndiyo kanuni ya fizikia tuliyoikariri bila kuiona. Na kama wataka kuupeleka mpira pembeni, fikiri kuwa upo mpira mwingine usioonekana, umeugusa ule wako upande ulio kinyume cha shimo. Peleka mweupe ukakae mahali pa mpira huo wa mawazo. Nilipoelewa jambo hili nilianza kutia mpira mmoja katika kila mitatu.

Asili ya mchezo huu ni Ulaya, ambako tangu karne ya 15 wafalme wa Ufaransa walicheza biliadi, mzazi wa puli. Lakini historia yake yatuhusu sisi wa Kigoma kuliko wengi wajuavyo. Katika karne ya 19 mipira iliyo bora ilitengenezwa kwa pembe za ndovu, na pembe za Afrika ya Mashariki zilisifiwa sana. Zilitoka Manyema, zikavuka Ziwa Tanganyika hata Ujiji, zikachukuliwa mabegani mwa watu kupitia Uvinza na Tabora mpaka Bagamoyo, kisha Unguja, na kutoka huko kwenda Ulaya na Marekani. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa. Pembe moja ilitoa mipira michache tu, kwa hiyo ndovu wengi walikufa ili mabwana wa mbali wapate kucheza jioni. Pembe zilipokuwa ghali, Wamarekani wenye kampuni ya meza walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu badala yake, na mwaka 1869 John Wesley Hyatt akafaulu kutengeneza mipira ya seluloidi, mojawapo ya plastiki za kwanza duniani. Leo mipira ni ya plastiki ngumu, na biashara ya pembe kati ya mataifa ilipigwa marufuku kwa mapatano ya mwaka 1989. Nifikiripo ndovu wa Moyowosi, upande wa mashariki wa Kibondo, nafurahi kuwa mchezo huu hauwadai tena.

Sasa nirudi kwenye neno nililotumwa. Mjomba hafungui meza kabla ya saa kumi alasiri, maana asubuhi ni ya kazi. Kwake hakuna pombe, na aliyevaa sare ya shule hukataliwa. Kamari pia ni marufuku. Tena sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, nami nina 17. Jioni moja walikuja watu wawili wageni, wakaweka noti chini ya chaki. Mjomba hakugombana nao. Aliuchukua mpira mweupe akautia mfukoni, akasema, "Mweupe umelala, mabwana." Wakaenda zao kwa hasira, na wengine wakawafuata. Jioni ile meza haikupata hata sarafu kumi.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Baba yote. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Na wale watu walikwenda wapi?"

"Walikwenda meza nyingine, Baba."

"Basi nami hilo ndilo nisemalo," akajibu. Sikuwa na la kumjibu, wala hata leo sina. Lakini asubuhi alifunga debe mbili za maharage, akazipeleka kituoni zipakiwe kwenda Kasulu kwa mjomba, akasema, "Mwambie tumeipokea fedha yake, naye apokee jasho letu." Kwa fedha hiyo nimerudi shuleni muhula huu.

Wazazi wapendwa, msiihukumu meza kwa kuitazama kutoka barabarani; ulizeni ni nani aishikaye, hufunguliwa saa ngapi, na fedha huwekwa wapi. Na ninyi wanafunzi wenzangu, mchezo huu ni mzuri kwa jicho, mkono na subira, lakini utaungoja. Sisi wa kidato cha nne mtihani wetu ni Novemba. Tumalize saba zetu kwanza, ndipo tuutazame mweusi.