Kosa langu la programu ya kuweka nafasi jimu

Jamani, leo naungama kosa langu. Natengeneza programu ya simu ya kuweka nafasi jimu na kwa makocha wa mazoezi, hapa Ruiru na Thika. Mwanzoni niliweka malipo ya mwezi kwa kadi ya benki. Wateja wakakataa: walitaka kulipa kwa siku, tena kwa M-Pesa.

Nikaunganisha Daraja, mfumo ambao Safaricom iliwafungulia watengenezaji programu mwaka 2017. Mteja anabonyeza, simu inamwomba namba ya siri, halafu jibu la malipo linakuja kwenye seva yangu. Lakini kati ya kubonyeza na jibu kuna muda, nami nilikuwa nafunga nafasi baada ya jibu tu. Asubuhi moja, saa kumi na mbili, wateja wawili wakamfikia kocha mmoja, wote wamelipa! Kocha akamrudishia mmoja pesa kutoka mfukoni mwake. Niliona aibu sana.

Siku hizi nafasi inashikwa mara tu mtu anapobonyeza. Kabla ya kuiachilia, programu inauliza kwanza kama pesa zimeingia. Rangi za skrini zitangoja. Saa moja ya kocha ndiyo unga wake.