Kujaa Si Uzima

Gari kuukuu halitofautiani sana na mtu wa makamo: maradhi yake makubwa hayasomeki usoni. Langu lilikuwa limekwisha tumika Japani kabla ya kuvuka bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka huko likaja Mwanza kwa magurudumu yake. Kwa miaka minne nililiosha kila Jumamosi mbele ya nyumba yangu, hapa Mkolani. Rangi ilimeremeta, nami nikajihesabu miongoni mwa watunzaji wema.

Siku moja nilimchukua mama yangu kutoka kwa dada yangu, akaaye katika nyumba zilizojengwa mlimani baina ya majabali. Tuliteremka polepole, na mguu wangu haukuondoka juu ya breki. Tulipokaribia barabara kuu ya Shinyanga nilikanyaga kwa nguvu, mguu ukazama kama uliokanyaga tope. Mbele yetu watoto wa shule walikuwa wakivuka. Nilishusha gia, nikavuta breki ya mkono, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa mtaro, likasimama. Mama hakupiga ukelele. Alinitazama kitambo, kisha akauliza:

"Mwanangu, gari hili hulitazama?"

"Naliosha kila wiki, mama."

Jibu hilo lilinitia haya kabla halijaisha kinywani.

Fundi alipofunua boneti nilimwonyesha kichupa cha mafuta ya breki, kilichojaa hadi kwenye alama. "Yamejaa, mwalimu," alisema, "lakini tangu lini?" Sikuwa na neno. Mafuta yaliyopasa kuwa na rangi ya asali nyepesi yalikuwa meusi kama kahawa.

Mafuta ya breki hunyonya maji yaliyomo hewani, kidogo kidogo, wala hayaonyeshi kupungua. Kipimo cha aina iitwayo DOT 3 hutaka mafuta mapya yasichemke kabla ya nyuzi 205 za selsiasi; lakini yakiisha kunywa maji yapatayo karibu 4 kwa mia, kipimo kile kile huridhika na nyuzi 140. Breki zikipata moto mteremkoni, maji hayo hugeuka mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke hubonyea; basi nguvu ya mguu huishia katika mvuke, isifike kwenye gurudumu. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila miaka 2 au 3. Kikulacho ki nguoni mwako.

Rejeta nayo ilikuwa imejaa: maji matupu ya kisima, mekundu kwa kutu. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kulanti huchelewesha kuchemka na huzuia kutu. Maji matupu hayana msaada huo. Oili ya giaboksi ilinuka moto. Ile ya injini peke yake ilikuwa njema, kwa kuwa ndiyo ikumbukwayo na kila mtu. Fundi alimwaga vilivyochakaa, akajaza vipya, akatoa hewa katika mabomba ya breki. Gharama yake haikufika hata robo ya bei ya injini moja.

Usiku ule nilifungua daftari la mihadhara yangu. Tangu nipate shahada ya udaktari halikupungua hata ukurasa. Lilikuwa limejaa hadi kwenye alama. Nikaisikia tena sauti ya fundi: tangu lini? Wanafunzi wangu nao ni abiria, na hawana njia ya kujua kilichomo ndani ya kichupa.

Sasa chini ya boneti nimebandika karatasi yenye tarehe ya kila kimiminika, na juu ya kila mhadhara nimeandika mwaka nilioutengeneza upya. Mihadhara mitatu bado haina mwaka.