Ugoro wa bibi na chupa ya rumeti

Siku nyingi sijaandika, UE zilitubana mno, sasa tunapumua. Leo ni habari ya tumbaku. Wasiovuta msikimbie, hata mimi sivuti.

Rumeti wangu hapa Mkwawa ni mtu wa vepu, ile sigara ya umeme. Vimiminika vya dukani vya embe na stroberi vimemchosha, halafu vinakula bumu. Akasoma kwamba kuna Wazungu wanaloweka tumbaku ya kiko, au siga zilizokatwakatwa, ndani ya propilini glaikoli au gliserini. Wanaacha wiki kadhaa, wengine wanapasha moto taratibu, wanachuja tena na tena, wanapata kitu chenye rangi ya chai kavu. Hiyo ndiyo ladha. Basi aliposikia kwetu ni Namasakata, mkoa wa Ruvuma, akaona Mungu kamjibu. "Kaka, likizo hii niletee majani ya kwa bibi. Kilo moja tu, nakulipa."

Kwenye ladha simbishii. Tumbaku ya Ruvuma ni ya moshi: inatundikwa bandani, kuni zinawashwa chini mpaka majani yanakuwa kahawia iliyokolea. Siga za Toscano za Italia hutengenezwa kwa tumbaku ya kukaushwa kwa moshi, na wavuta kiko wa Ulaya wanaisifu Latakia kwa harufu hiyo hiyo ya moshi. Kwetu hakuna anayeisifu. Inauzwa tu.

Bibi yangu anatengeneza ugoro. Anakausha majani mpaka yanavunjika, anatwanga, anachekecha, anatia magadi. Bila magadi, anasema, ugoro "umelala". Jamani, nilipofika kwenye asidi na besi nilicheka peke yangu darasani! Nikotini ni besi, ila ndani ya jani imefungwa na asidi kama chumvi. Magadi yanaifungua, na ikiwa huru inapenya haraka kwenye ngozi laini ya pua na mdomo. Bibi hajui neno nikotini, lakini anajua kuiamsha.

Hapo ndipo ninapombishia rumeti. Yeye anadhani anakamua ladha peke yake. Nikotini nayo inayeyuka kwenye maji, kwenye spiriti na kwenye hiyo glaikoli yake, kwa hiyo vinatoka pamoja. Kiasi gani? Chukua gramu 20 za majani kwenye mililita 100. Jani likiwa na nikotini asilimia 1, na yote ikatoka, unapata miligramu 2 kwa mililita. Likiwa na asilimia 5, unapata 10. Mara tano, na kwa macho chupa zote mbili ni chai kavu. Wa dukani angalau wanaandika kwenye chupa; Umoja wa Ulaya tangu 2016 umeweka mwisho miligramu 20. Sisi tutapima na nini, ulimi?

Na moshi ule unaonukia vizuri unaacha kwenye jani vitu vinavyosababisha saratani, chujio la kahawa haliviondoi. Mabaki ya jani nayo yanaungua kwenye koili, lakini hilo ni la mfuko wake.

Kuna jambo jingine sijamwambia. Bibi huloweka majani hayo hayo kwenye maji usiku kucha, anachuja, ananyunyizia mchicha. Wadudu wanakufa. Siku hiyo wajukuu tunafukuzwa bustanini na ndoo haiguswi na mtu. Ukiangalia, ni mapishi ya rumeti kabisa, kabadilisha maji tu. Na wavunaji wanaoshika majani mabichi yenye umande wanapata kizunguzungu na kutapika, hapo hawajavuta kitu, imepita kwenye ngozi.

Nikamwambia sileti. Kanuna. Akasema, "Ada yako ya sekondari ililipwa na nini?" Duh. Ililipwa na ugoro, vifuko vya nailoni vya kijiko kimoja kimoja, na walionunua ni wazee ninaowaamkia mpaka leo. Sikuwa na jibu, na bado sina. Ila najua wazee wale wanaujua ugoro wao kwa miaka, na huyu anataka kuwagawia washikaji wa bweni zima.

Jana kashusha ombi mpaka robo kilo. Jioni bibi naye kapiga simu, sijui nani kamwambia: "Mume wangu, huyo mteja wako wa Iringa anataka lini? Nimeshamtengea."