Chuma Kisicho na Jina

Mama yangu aliishi na nyonga bandia kwa miaka mingi bila taabu. Maumivu yalipoanza, daktari mpya aliuliza swali moja tu: ni nyonga ya aina gani, na ya toleo lipi? Tulirudi hospitali alikopandikizwa, jalada halikuonekana. Laini ya simu ya mama imesajiliwa kwa alama za vidole, lakini chuma kilichomo mwilini mwake hakikuwa na jina. Kwa kuwa daktari hakujua ni sehemu zipi zingelingana nacho, alilazimika kukitoa chote.

Swali lile lina historia. Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni nyonga zake za ASR duniani kote, kwa kuwa wagonjwa wengi mno walikuwa wakipasuliwa upya. Zilikuwa zimekwisha kuwekwa katika miili ya watu wapatao 93,000. Kuwatafuta watu hao kulitegemea kumbukumbu za hospitali.

Mwaka 2013 Marekani ilitoa kanuni kwamba vifaa tiba vibebe namba ya utambulisho inayosomwa na mashine. Sehemu ya kwanza hutaja mtengenezaji na aina ya kifaa. Ya pili hutaja mambo kama toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi. Hata hivyo, namba iliyo kwenye boksi haiingii yenyewe katika jalada la mgonjwa. Huko huko Marekani, miaka mingi baada ya kanuni, fomu za madai ya bima hazikuwa na nafasi ya kuiandika.

Kikwazo ni kile tunachokijua sote tuliowahi kufanya kazi ofisini. Bohari ina daftari lake, chumba cha upasuaji lake, mhasibu lake. Muuguzi akiagizwa kunakili namba ndefu katikati ya zamu, huona ameongezewa mzigo, nami simlaumu.

Mimi ningeanzia kwenye fedha: hospitali isilipwe na bima kwa kifaa cha kupandikizwa kisichotajwa kwa namba, wala hasara hiyo isihamishiwe kwa mgonjwa. Na pasipo na kompyuta, nyonga huja na lebo za kubandika. Moja iwekwe kwenye jalada, nyingine apewe mwenye mwili.

Lebo ya nyonga mpya mama ameifunga kwenye pindo la kanga. Ndugu zangu mlio wizarani, je, hilo pindo ndilo masjala yetu?