Nasaha kwa Mjukuu Juu ya Kutoa

Utoaji wa Kikristo huanza na kile mtu alicho nacho, hata kikiwa haba. Mjane anayesimuliwa katika Marko sura ya 12 alitia senti mbili tu, akahesabiwa kuwapita matajiri, maana wao walitoa ziada. Sharika za Kilutheri mlimani Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Leipzig walianzia Machame mwaka 1893, zina desturi inayolionyesha fundisho hilo waziwazi: mnada wa baada ya ibada. Asiye na fedha huleta mkungu wa ndizi, mayai, kuku au kisado cha maharage. Mwenye nafasi hununua kwa bei ambayo sokoni asingeikubali kamwe. Wapo wanaokirudisha kitu kinadiwe tena, au wanaompa bibi aliyesimama karibu. Aliyeleta mayai na aliyeyanunua wote wametoa, wala hakuna anayemdai mwenzake shukrani.

Ila mnada una kelele zake, na bei ikitajwa kwa sauti humpendeza mnunuzi mwenyewe. Kazi ngumu iko siku za wiki. Mjukuu aliyeajiriwa Moshi mjini huikuta sokoni Mbuyuni, mbele ya mama aliyeshuka na ndizi tangu alfajiri: shilingi anazombana apunguze huenda ndizo nauli yake ya kurudi. Huikuta mwisho wa mwezi, dada wa kazi anaposubiri mshahara. Kumlipa kwa wakati ni haki yake, si sadaka; anayechelewesha ujira kisha akapeleka bahasha nene Jumapili ametoa fedha ya mtu mwingine. Kijijini huikuta kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, kwa kuwa mwenye kihamba (shamba la ukoo) cha juu akizidisha zamu, wa chini hukosa maji.

Huruma pia huhitaji bajeti. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, ambalo jina lake linatokana na mfano wa Luka sura ya 10, na Msamaria yule hakuishia kufunga majeraha: aliacha dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kulipa gharama zitakazozidi. Kwa hiyo fungu la kutoa litengwe mshahara unapoingia.

Desemba Wachaga wanaporudi nyumbani, kila mtu hutoa, na hutoa mbele za watu. Shangazi mjane apelekewe bahasha yake Februari, kimyakimya, wageni wa Krismasi wakiwa wameshaondoka na sare za shule zimeshamaliza akiba yake.